PhD ya sayansi ya mazoezi Marekani: inafaa, ila jua unanunua nini

Ujumbe ninaoupata zaidi kutoka kwa walimu wenzangu wa michezo ni huu: "Dada, hiyo PhD ya mazoezi inalipa?" Jibu fupi: usiinunue kwa hela yako hata siku moja. Ukiipata kwa ufadhili, chini ya msimamizi anayeeleweka, ichukue na ushukuru. Jibu refu ni hili hapa, nimeliandika ili nisiwe nalichapa upya kwenye simu kila anapouliza mtu.

Nilisoma chuo kikuu cha umma katikati ya Marekani, jimbo la mahindi na theluji. Nilianza Agosti 2019, nikatetea tasnifu mwezi wa nne 2024. Jina la chuo silitaji kwa sababu jina la chuo ndilo linalowapoteza watu, nitaeleza. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa sekondari mkoani Manyara, baiolojia na elimu ya viungo, na kila msimu wa UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, nilikuwa mlezi wa timu ya netiboli. Kwa hiyo nayapima haya kwa macho ya mtu aliyetoka shule ambayo vifaa vyake vyote vya michezo viliingia kwenye kapu moja.

Wengi wanadhani PhD hii ni ukocha wa ngazi ya juu. Siyo. Muda wote ule hakuna aliyenifundisha namna ya kumfanya mtu akimbie haraka. Idara zenyewe zina majina tofauti: huku wanaiita kinesiolojia, kule sayansi ya mazoezi, kwingine afya na utendaji wa mwili. Ndani yake kuna vyumba visivyosemezana sana, yaani fiziolojia ya mazoezi (mwili unavyofanya kazi ukijituma), biomekaniki (nguvu na mijongeo ya viungo), udhibiti wa mwendo, saikolojia ya michezo, na wale wa afya ya jamii wanaohesabu hatua za wazee. Wewe unaingia chumba kimoja chenye mwenye nyumba mmoja. Barua ya kukubaliwa ina nembo ya chuo, lakini aliyekukubali ni profesa mmoja aliyesema "huyu namtaka". Akihama, programu imehama naye. Mwanafunzi wa maabara ya jirani msimamizi wake alipata kazi jimbo lingine. Ikabidi achague kumfuata, au kubaki asimamiwe na mtu wa fani tofauti kabisa. Sasa wewe unayepanga vyuo kwa orodha za ubora, unapanga nembo.

Msimamizi wangu ninampa nyota tano. Rasimu ilirudi ndani ya wiki ikiwa imejaa maswali, na swali lake la kwanza daima lilikuwa lile lile: hii namba imetoka wapi? Hakuwahi kunifokea mbele ya watu. Alitaka tumwite kwa jina lake la kwanza, kama Wamarekani wanavyopenda. Wenzangu waliweza. Mimi na malezi ya Mbulu nilishindwa. Nikamwita Dokta mpaka siku ya mwisho, naye akazoea. Kamati ya tasnifu, wale maprofesa wengine wanaoipitia na kuihoji, sasa ni habari nyingine. Mjumbe mmoja alikaa na sura mbili za tasnifu yangu mpaka nikadhani amestaafu, na kanuni hazimlazimishi kujibu. Kamati unaichagua wewe, kwa hiyo waulize wanafunzi wa miaka ya juu nani anasoma na nani anaahidi.

Twende kwenye hela. Kwenye barua ya ufadhili tafuta mambo matatu: msamaha wa ada, posho, na bima ya afya. Likikosekana moja, uliza. Msamaha wa ada hausamehi kila kitu. Kuna michango midogo midogo ya teknolojia, ya majengo, ya burudani za wanafunzi, na huja kila muhula. Kwa posho hiyo unafanya kazi saa 20 kwa wiki, kufundisha au maabara, na viza ya mwanafunzi, F-1, haikuruhusu kuzidisha hapo wakati wa muhula. Kabla hata ya kupanda ndege, wakati wangu ilikuwa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, na dola 160 za maombi ya viza pale ubalozini Dar es Salaam, na viza imepanda tangu hapo. Kuna jambo nilitamani ningelisoma mahali: posho inakatwa kodi. Mchina wa meza ya pembeni alisamehewa dola 5,000 za kwanza kwa mkataba wa kodi kati ya nchi yake na Marekani. Tanzania haina mkataba huo. Tulifanya kazi ile ile, tukapokea tofauti.

Halafu kuna kiangazi. Posho ya wengi ni ya miezi tisa. Mwezi wa tano darasa likifungwa, mshahara unafungwa, na pango halifungwi. Kuna waliopata kazi ya maktaba, kuna waliokaa kwa shemeji Minnesota. Mimi nilifundisha kozi ya kiangazi mwaka ilipopatikana, na ilipokosekana nilikula maharage kwa ustadi. Posho nyota mbili, na nimeongeza nusu kwa ajili ya bima, kwa sababu jino liliniuma.

Sasa maabara, ambayo ndiyo bidhaa yenyewe.

Kitovu chake ni kigari cha kupimia gesi. Mtu anavaa barakoa au anauma kipande cha mpira huku pua imebanwa, anatembea au kukimbia kwenye mashine, na hewa anayotoa inapita kwenye bomba kwenda kwenye vihisi. Mashine inapima ametoa hewa kiasi gani na ndani yake imebaki oksijeni kiasi gani. Hesabu ya hapo inakupa oksijeni aliyotumia mwilini, kwa mililita kwa kila kilo kwa kila dakika. Ukimsukuma mtu mpaka aseme basi, unapata kile kiwango cha juu ambacho watu wa mbio wanakitaja kwa majivuno. Wazo hili lina karne nzima. A. V. Hill, Mwingereza aliyegawana tuzo ya Nobel ya 1922, alikuwa akijipima mwenyewe akikimbia na mfuko wa hewa mgongoni.

Kazi halisi, lakini, ni ya kabla mtu hajafika. Kila asubuhi unawasha kigari mapema kipate joto. Unafungua mtungi wa gesi iliyothibitishwa, asilimia 16 oksijeni na 4 kaboni dioksidi, unakionesha kigari: hii ndiyo 16, hii ndiyo 4. Halafu unakionesha hewa ya kawaida, asilimia 20.93 ya oksijeni. Halafu unachukua bomba la sindano la lita 3, kubwa kama paja, unalisukuma taratibu, kisha haraka, kisha haraka zaidi, mpaka kigari kikubali kwamba lita tatu ni lita tatu kwa kasi yoyote. Unaandika joto la chumba, unyevu, mgandamizo wa hewa. Kosa dogo hapo linakua lenyewe kwenye kila namba ya siku hiyo, na hakuna atakayeliona. Nilijifunza pia kufukuza watu. Wakijaa marafiki watano kwenye chumba kidogo kuja kumshangilia mwenzao, kaboni dioksidi ya chumba inapanda, na ile hewa ya kawaida uliyokionesha kigari siyo ya kawaida tena. Kwa elimu hii peke yake, nyota tano.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote hakina hata umeme wa maana. Baiskeli ya Monark ya Sweden, ile isiyokwenda popote, yenye mkanda unaobana gurudumu. Gurudumu lake linasafiri mita 6 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Weka uzito wa kilo 1 kwenye mkanda, piga mizunguko 50 kwa dakika, umefanya kazi ya 1 mara 6 mara 50, yaani kilo-mita 300 kwa dakika, ambayo ni kama wati 49. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa ubaoni. Ningepewa nafasi ya kubeba kitu kimoja kurudi nacho Manyara, ningebeba hiyo, nikawaachia vigari vyao vya bei ya gari.

Sindano ya Bergström ya kuchukulia kipande cha msuli wa paja nimeishika, nimeona ikitumika, na sina hamu nayo. Inatosha.

Masomo ya darasani yanaisha haraka kuliko unavyodhani, na mengi utasoma makala yenyewe badala ya kitabu. Takwimu chukua zote wanazotoa, hata zile za idara nyingine. Kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza kupima presha na mafuta ya chini ya ngozi kwa kibanio kulikuwa kwepesi kwangu. Ualimu wa Tanzania unakuandaa kwa lolote. Darasa la 24 wenye mashine sita za presha kwangu ilikuwa anasa.

Machi 2020 korona ikaingia, na maabara ambayo biashara yake nzima ni pumzi za watu ikafungwa siku hiyo hiyo. Wenzetu wa biomekaniki walirudi mapema kuliko sisi. Kama unachagua tawi, fikiria ni nini kitabaki mkononi mwako mlango ukifungwa.

Kuna wiki ya muhula wa kwanza ambayo kila Mwafrika Mashariki ataipitia, basi jiandae. Ni wiki ya wakimbiaji. Skrini inaonesha vijana wa Kenya, mwalimu anaeleza utafiti wa Bengt Saltin, mtafiti wa Sweden, na timu yake waliokwenda Kenya wakawalinganisha wakimbiaji wa kule na wa Skandinavia, ukachapishwa 1995: kiwango cha juu cha oksijeni hakikutofautiana sana kwa walio bora, ila Mkenya alitumia oksijeni kidogo kwa mwendo ule ule. Na darasa zima linageuka kukutazama wewe. Nilipowaambia natoka upande anakotoka Gidamis Shahanga, mshindi wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, aliyekwenda kusoma El Paso, Texas, ikawa nimemwaga petroli. Mimi nilikuwa mlinzi wa goli wa netiboli. Mbio zangu zinaishia kwenye nusu duara.

Lakini wiki ile ndiyo iliyonipa tasnifu. Kwenye orodha ya kusoma kulikuwa na makala fupi ya 1986 katika jarida la Nature. Jina la kwanza ni la Maloiy, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na akina Taylor wa Harvard. Walipima wanawake wachache wa Kijaluo na Kikikuyu wakitembea na mizigo, na wakasema mzigo wa mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili hauongezi matumizi ya nguvu hata kidogo. Yaani bure. Darasani ikapokelewa kwa mshangao mtamu: ona hekima ya mwili wa Kiafrika. Mimi nikachukua kalamu. Mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Theluthi ya mwili wake! Kwa hiyo hata kwa hesabu za makala ile ile, mama anayetoka kisimani hayumo kwenye eneo la bure. Amelipita akiwa bado hajainuka vizuri. Na 2010 watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa Afrika Kusini hawakuikuta ile bure kwa ujumla wao. Walikuta watu wanatofautiana mno.

Nilimpelekea Dokta ile hesabu ya ndoo. Miezi kadhaa baadaye, kwenye mtihani wa kina, ule wa kuandika kisha kuhojiwa na kamati nzima, swali moja likaja: eleza ungeupimaje upya utafiti wa 1986, na uonyeshe kila mahali unapoweza kukosea. Mtihani wa kina una sifa mbaya, watu hawalali. Kwangu ndiyo sehemu iliyostahili bei. Ilikuwa mara ya kwanza watu watano wenye vyeo wananisikiliza nikieleza ndoo inavyokaa kwenye kata.

Kuipima yenyewe kulinipeleka kwa akina mama wa Kikongo na Kirundi waliohamia mji ule, waliokua wakibeba maji na kuni. Kamati ya maadili ilitaka fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, halafu mtu mwingine airudishe kwa Kiingereza waone kama ni ile ile. Ilitaka mkanda wa usalama unaoning'inia darini. Ilitaka mchanga badala ya maji, kwa sababu maji yanacheza. Hayo yote yalikula muda kuliko upimaji, na ukipanga ratiba yako hesabu miezi, usihesabu wiki. Akina mama wenyewe hawakuwa na tatizo ila moja. Mama mmoja wa Uvira alitembea juu ya mashine na mzigo kichwani, barakoa usoni, macho mbele kwenye ukuta mweupe. Tulipomvua barakoa akauliza, "Sasa mwanangu, hii mzigo tulikuwa tunapeleka wapi?" Nilisema tunapeleka kwenye tasnifu, mama. Akacheka mpaka ikabidi tusubiri mapigo ya moyo yashuke ndipo tuendelee. Matokeo yako kwa jarida, yakitoka mtayaona.

Hapo ndipo ninaposema inafaa. Nilikwenda nikiwa mtu wa kuambiwa namba. Nilirudi nikiwa na uwezo wa kuuliza mashine mliihakiki lini, watu walikuwa wangapi, na ndoo ilikuwa na kilo ngapi.

Isipofaa, haifai hapa: kazi baada yake. Nafasi za uhadhiri ni chache, waombaji ni wengi, na wenzangu kadhaa wameishia kwenye hospitali wakisimamia mazoezi ya wagonjwa wa moyo, kazi nzuri lakini shahada ya uzamili ingewafikisha. Kama unataka kubaki Marekani kidogo ujifunze zaidi, angalia namba ya msimbo wa programu kwenye fomu ya I-20, ile chuo kinayokupa ya kuombea viza, kabla hujakubali. Programu mbili zinaweza kufundisha mambo yale yale, moja imesajiliwa kama fiziolojia ya mazoezi, 26.0908, ambayo iko kwenye familia ya biolojia na inakupa haki ya kuomba miezi 24 juu ya ile 12 ya kawaida ya kufanya kazi baada ya kuhitimu. Nyingine inaanza na 31, familia ya mapumziko na siha; hiyo ulizia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwa maandishi. Ukirudi nyumbani, shahada unaipeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe, na ukitaka kupima watu Tanzania utahitaji idhini ya maadili ya NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Anza mapema. Na ndugu jiandae nao. Mjomba wangu amenikabidhi goti lake, nikimwambia udaktari wangu si wa kutibu anasema sawa, lakini litazame.

Siyo lazima iwe Marekani. Kenyatta University wana idara ya fani hii, na Kenya mwanafunzi wa PhD anatakiwa kuchapisha makala mbili kabla ya kuhitimu, sharti gumu lakini linalokuacha na kitu mkononi. Norwei na Sweden, PhD ni ajira yenye mshahara na likizo, masomo ya darasani ni machache na kiangazi unalipwa. Nafasi zinatangazwa moja moja kama kazi nyingine yoyote. Mwenye watoto wadogo ningemwambia aanze kutafuta huko, au Afrika Kusini, kabla ya kufikiria miaka mitano ya posho ya miezi tisa.

Ukiamua Marekani, maombi mengi yanafungwa kati ya Desemba mosi na katikati ya Januari, kwa hiyo maprofesa waandikie mwezi wa nane au wa tisa. Barua iwe fupi. Taja makala yake moja uliyoisoma kweli na swali moja iliyokuachia. Uliza kama anachukua mwanafunzi mwaka huo, wanafunzi wake wa mwisho wako wapi sasa, na kiangazi nani analipa. Na kabla ya kuandika "Mheshimiwa Bwana", tafuta picha yake. Dokta alikuwa akipokea barua nyingi za Bwana kila msimu, na hizo alizifuta bila kuzisoma.